Macho ya Mkubwa wa Dolmae

Kope za Mkubwa zilikataa tena asubuhi hiyo. Bi Solgol alizivuta chini kwa kidole gumba, polepole, akaweka juu yake kitambaa alichokichovya kwenye maji ya uvuguvugu, akangoja kidogo, kisha akaondoa mkono. Zikatulia. Halafu zikaanza kupanda, moja ikiitangulia nyingine, kama dirisha lililolegea bawaba, mpaka macho yakabaki wazi yakitazama boriti ile ile.

"Haya," alisema. "Tazama basi."

Hakuna aliyemjibu. Watu kumi na saba walilala chumbani humo juu ya sakafu yenye moto chini, miguu ikielekea mlangoni, kila mwanamume na mkewe ubavuni. Wa kwanza, ukutani kabisa, ni Mkubwa, aliyeijenga nyumba hii kwa mikono yake. Baada yake mwanawe, na mwana wa mwanawe, vizazi vinane, kisha wa tisa na wa mwisho, Sangho, mumewe Bi Solgol, karibu na kizingiti pale upepo unapopenya. Sangho alianguka kutoka kwenye mti wa matunda ya gam miaka tisa iliyopita. Alilala siku mbili akilalamika mgongo. Siku ya tatu akanyamaza.

Kila mtu hunyamaza mwishowe. Mwili hukauka na kupungua mpaka mtu mzima anabebeka kama tenga tupu, sauti inaondoka, na baada ya hapo ni kulala tu, miaka nenda miaka rudi, macho yakiona na masikio pengine yakisikia. Neno kufa lilikuwa la kuku, la ng'ombe na la miti. Ukimtamkia mtu, ama umemtukana, ama unamtania kwamba anajitakia makubwa.

Mkubwa alikuwa na miaka mia mbili na arobaini tangu anyamaze, na bado ndiye mwenye nyumba. Mashamba yalikuwa yake, mlima wa nyuma ulikuwa wake, kisima kilikuwa chake, na kitabu cha nyumba chenye majina ya wote kilikuwa chini ya mto wake.

Bi Solgol alimwosha uso, shingo, makwapa. Akamgeuza ubavu wa kushoto. Akampaka mafuta ya ufuta kwenye visigino na kwenye mfupa wa nyonga, palipoanza kufanya wekundu. Akamnywesha maji ya mchele, vijiko vitatu, akimsugua koo ili yashuke. Kisha akasogea kwa mkewe Mkubwa. Taratibu ilikuwa hiyo: wa juu kwanza, wa chini mwisho, hata kama wa chini amejikojolea tangu alfajiri. Alipofika kwa Sangho jua lilikuwa limepita utosini na maji yalikuwa yamepoa, na ilikuwa wakati wa kurudi ukutani kuanza kuwageuza ubavu wa kulia.

"Wewe nawe ulitafuta nini juu ya mti," alimwambia, kama alivyomwambia kila siku.

Alikuja kwenye nyumba hii ana miaka kumi na tisa. Sasa alikuwa na tisini na sita. Kazi ya wakimya ni ya mke aliyeolewa mwisho, naye huiacha siku mke mwingine anapoingia langoni. Siku yake, mama mkwe alimkabidhi kijiko na kitambaa, akanyoosha mgongo, akacheka kama msichana. Lakini hakuwa ametimiza miaka ishirini humo ndani serikali ilipofunga uzazi, kwa sababu hapakuwa tena na pa kuwalaza watu, na kibali walichoomba yeye na Sangho kilirudi na mstari mwekundu. Bila mtoto hakuna mkamwana. Kijiko kilibaki mkononi mwake.

Jina lake hasa lilikuwa Bongnye. Huko Dolmae mke huitwa kwa kijiji alikotoka, naye alitoka Solgol, kwa hiyo akawa Bi Solgol tangu siku ile aliposhushwa kwenye machela ya harusi. Sangho mwenyewe alikuwa akimwita "wewe hapo". Chini ya paa lile jina Bongnye halikuwahi kutamkwa na mtu yeyote.

Simu ililia kwenye sebule ya wanaume. Mwanamke aliingia huko kwa kufagia na kwa kupokea simu tu. Alifuta mikono, akaenda.

"Dada?"

"Dongsu! Kuna nini?"

"Usishtuke. Mama ameanza."

Bi Solgol alikaa chini palepale, mahali ambapo wanawake hawakai.

"Tangu lini?"

"Wiki iliyopita. Maneno yamepungua. Jana, siku nzima, alisema manne tu."

"Manne yapi?"

Mdogo wake alikohoa. "Baridi. Hilo moja. La pili, chumvi."

"Chumvi imekuwaje?"

"Alisema chumvi, basi. Mke wangu ndiye anayejua maana yake, ameinunia kabichi yake tangu jana." Alicheka kidogo, akaacha. "Mengine mawili ni Bongnye. Aliita Bongnye mara mbili."

Bi Solgol aliisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Anamwita hivyo kila anayeingia, dada. Mke wangu akiingia, Bongnye. Mimi na ndevu zangu, Bongnye. Juzi kaingia paka, naye kaitwa Bongnye."

"Paka akafanyaje?"

"Alikwenda. Amekushinda wewe."

Kwenye waya kulikuwa na mlio kama wa mchele unaopepetwa.

"Mwekee simu sikioni nimsemeshe."

"Nilijaribu jana kwa simu ya mpwa wetu. Anadhani ni nyuki, anaipiga kofi. Anataka uso. Njoo, dada. Sikukuu ya mavuno haitamkuta anasema."

"Nitaomba ruhusa."

"Kwa nani? Kwa mtu aliyenyamaza kabla babu yetu hajazaliwa?"

"Ndiyo taratibu, Dongsu."

"Haya," alisema mdogo wake. "Taratibu."

Baada ya hapo kazi ilikwenda vibaya. Alimnywesha babu wa nne mara mbili na kumruka wa tano. Alipogundua, alimwomba radhi wa tano, akapiga magoti na kugusa sakafu kwa paji la uso, kama inavyopasa, ingawa hakukuwa na wa kumwona.

Alasiri Chilsun, jirani wa chini ya kilima, alipita na sinia la tofu kichwani. Chilsun naye alikuwa na safu yake ya wakimya nyumbani, lakini fupi, watu sita tu, na ulimi wake ulikuwa haujui kupumzika.

"Mbona uso umekunjamana hivyo, shoga? Mmoja wao amekujibu?"

Bi Solgol akamweleza.

"Sasa unangoja nini? Funga lango, nenda. Kijiko nitashika mimi. Hawa watakukimbilia wapi?"

"Nikilala usiku mmoja nje ya lango bila neno la Mkubwa, nafutwa kitabuni."

"Wakufute! Kitabu chenyewe nusu kimeliwa na mende."

"Na siku nikinyamaza?"

Chilsun alishusha sinia. Wote wawili walitazama bondeni, kule reli inakopita. Banda la serikali lilionekana kutoka pale, bati refu lisilo na madirisha. Wasiokuwa kwenye kitabu cha nyumba yoyote walipelekwa humo. Ndani kulikuwa na mbao zilizopangwa safu nne kwenda juu, kama za kukaushia samaki, na mara moja kwa mwezi mtu alipita na mpira wa maji. Hawakugeuzwa. Chilsun aliwahi kwenda kumtafuta shangazi yake, akachungulia mlangoni. Alisema hakumwona, kwa sababu macho yalikuwa mengi mno, na yote yaligeuka kwa pamoja kumtazama yeye.

"Basi omba," alisema Chilsun, safari hii bila mzaha. "Lakini usiombe umejikunja kama kamba ya mtungi. Umewabeba miaka sabini na saba. Mwambie huyo Pilgu wa baraza la ukoo hivyo hivyo."

"Nitamwambia."

"Huwezi. Nakujua." Alimkatia kipande cha tofu, akakiweka kwenye bakuli. "Kula. Leo umekula nini?"

Bi Solgol hakukumbuka.

Baraza la ukoo lilifika baada ya siku nne. Siku hizo nne hakuthubutu kumpigia Dongsu simu. Maeng Pilgu, katibu wa baraza, binamu wa Sangho, alikuja na gari lake jeusi, na pembeni yake alikaa msoma macho, bwana mmoja mwembamba aitwaye Noh, mwenye cheti cha mkoa na miwani miwili, mmoja puani na mwingine mfukoni. Mkubwa hakuwa na sauti, lakini neno lake bado lilihitajika kwa kila jambo la nyumba. Akipepesa mara mbili, amekubali. Mara moja, amekataa. Kazi ya Bwana Noh ilikuwa kuona na kutamka.

Walimvisha Mkubwa kofia nyeusi ya manyoya ya farasi na joho jeupe. Bi Solgol alimwinua kwa mkono mmoja, akamwegemeza kwenye ubao wa kuegemea wenye michoro, akatengeneza kola. Kisha akarudi mlangoni na trei ya pombe ya mchele, akasimama kwenye ufa wa mlango wa karatasi kungoja kuitwa.

"Mkubwa wetu," Pilgu alisoma, "kampuni ya mawe imeomba mlima wa nyuma, ule wa miti ya gam, ipasue mawe kwa miaka mia. Wanao wanauliza: unaridhia?"

Bwana Noh aliinama mpaka pua yake ikakaribia ya Mkubwa.

Kutoka mlangoni Bi Solgol aliliona jicho la kushoto vizuri. Inzi alitua kwenye pembe ya jicho hilo. Alisugua miguu yake ya mbele. Kisha akatembea, bila haraka, juu ya weupe, akakatiza juu ya mboni iliyofanya ukungu, akatokea upande wa pili, akaruka.

"Mara mbili," alisema Bwana Noh. "Wazi kabisa."

Pilgu aliguna kwa furaha. Akautoa muhuri wa Mkubwa kwenye kifuko cha hariri, akaubana kati ya vidole vile vikavu, akavifunika kwa mkono wake mwenyewe, akagandamiza karatasini. Alama nyekundu ikatoka safi.

"Shemeji! Lete pombe."

Aliingia, akamimina. Badala ya kurudi nyuma kinyumenyume akapiga magoti.

"Shemeji Pilgu, nina ombi."

"Sema, shemeji. Leo Mkubwa amechangamka."

"Mama yangu ameanza kunyamaza. Naomba siku tatu niende Solgol. Chilsun wa chini atashika kijiko. Nitarudi." Alikuwa amejipangia kusema habari za miaka sabini na saba. Haikutoka. "Siku mbili pia zinatosha," alisema.

Pilgu alitikisa kichwa kwa huruma, na huruma yenyewe haikuwa ya uongo.

"Mimi nami nina mama, shemeji. Ingekuwa juu yangu ungepanda gari langu sasa hivi. Lakini mke wa nyumba kulala nje, hilo si langu, ni la mwenye nyumba. Bwana Noh, tafadhali."

Bwana Noh aliinama. Safari hii hakukaa sana.

"Mara moja."

"Umesikia," Pilgu alisema. "Pole sana."

"Mwulizeni tena."

"Mkubwa haulizwi mara mbili, shemeji. Unajua."

Bwana Noh alikuwa tayari anavua miwani. Bi Solgol alizitazama ncha za soksi zake mwenyewe, moja ilikuwa na kiraka. Alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa ndogo sana, ikabidi Pilgu ainamishe sikio.

"Nini?"

"Nasema hapepesi."

"Ndiyo, mara moja tu. Amekataa."

"Hawezi kupepesa. Sio leo tu. Tangu baridi ile kali, mwaka wa tatu huu. Namfumba mimi kwa kidole, asubuhi na jioni, na hafumbiki. Inzi amempita juu ya jicho sasa hivi, mbele ya uso wa huyu bwana. Mmeona amepepesa wapi?"

Aliinuka, akachukua kitambaa chake mshipini, akasokota ncha yake, akaigusisha kwenye jicho la Mkubwa, katikati. Akaishikilia hapo.

Hakuna kilichotikisika.

Bwana Noh alianza kufuta miwani ambayo ilikuwa safi. Pilgu aliitazama karatasi yenye alama nyekundu, kisha akamtazama yeye, na kwa kitambo kile Bi Solgol aliamini kwamba imekwisha, kwamba atamwambia, haya shemeji, nenda siku zako tatu, ila yaishie humu humu. Alishaanza kufikiri atavaa viatu gani, vya mpira vyeupe au vile vya kazi, maana njia ya Solgol ina tope mwezi huu.

"Miaka mitatu," alisema Pilgu.

"Ndiyo."

"Macho ya Mkubwa yamekauka mikononi mwako miaka mitatu, na hukumwambia mtu."

"Niliogopa mtasema sikumtunza."

"Na ulimtunza?"

"Nyinyi mmekuwa mkiyasoma miaka yote hiyo mitatu," alisema Bi Solgol. "Mlisoma nini?"

"Taratibu, shemeji." Pilgu hakupandisha sauti. "Bwana Noh amesomea. Anaona kisichoonekana na mtu wa kitambaa. Leo Mkubwa amekusanya nguvu zake za mwisho akapepesa kwa ajili ya ukoo wake. Na aliyemfikisha kwenye nguvu za mwisho ni nani? Au nimekosea, Bwana Noh?"

Bwana Noh alivaa miwani. "Hujakosea."

"Iandike."

Ikaandikwa. Mke wa mwisho wa nyumba ameacha macho ya Mkubwa kukauka. Kuanzia leo atayatia matone ya maji safi kila robo saa, tangu jua kuchomoza hadi kuzama, kwa mkono wake mwenyewe na si wa mwingine, mpaka kope zitakaporudi. Maneno yote yaliyosomwa hapo nyuma yanabaki kama yalivyosomwa. Muhuri ukabanwa tena kati ya vidole vya Mkubwa.

"Ukoo mwingine wangekufuta leo leo," Pilgu alisema akiinuka. "Sisi si watu wabaya." Akamalizia bakuli lake, akalamba midomo. "Pombe yako imeiva vizuri mwaka huu."

Bwana Noh alibaki nyuma akitafuta viatu vyake kwenye ngazi ya jiwe. Bi Solgol alivielekeza upande wake kama mgeni anavyoelekezewa. Alipoinama kuvivaa, bwana huyo alisema bila kumtazama:

"Mimi nami nina safu nyumbani, bi mkubwa. Ishirini na mmoja. Nikikosa kazi hii nani atawageuza?"

"Mkeo anaitwa nani?" aliuliza Bi Solgol.

Bwana Noh alifikiri, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Anatoka Baemi," alisema. Akaenda.

Pilgu alituma saa ya mezani yenye kengele. Ililia kila robo saa. Bi Solgol alijifunza kumwosha mtu mmoja kati ya kengele na kengele, kisha kukimbia ukutani na kichupa cha matone, kisha kurudi kwa aliyemwacha nusu. Sasa hakumfikia tena Sangho kabla ya jua kuzama. Chilsun alijaribu kumpokea kichupa siku ya pili, lakini binamu mmoja aliyetumwa kuangalia kazi ya mlimani alikuwa uani, akasema kwa upole, "Mkono wake mwenyewe, bibi, iliandikwa," na Chilsun akarudisha kichupa, akatoka nje akawatukana kuku wote wa nyumba ile mmoja mmoja.

Miti ya gam ilikatwa na matunda yake bado mabichi. Baada ya hapo ikaja baruti. Kila ilipolipuka vijiko viligongana kwenye bakuli na vumbi jeupe lilishuka kutoka kwenye boriti, likatua juu ya nyuso kumi na saba zilizoelekea juu.

Aliomba jambo moja tu, kwamba waya wa simu uongezwe ufike chumba cha wakimya, kwa kuwa sebuleni hawezi kukaa zaidi ya robo saa. Pilgu aliona ni jambo dogo. Alimleta fundi mwenyewe. "Ona," alimwambia, "nani anasema hatukujali?"

Siku ya sikukuu ya mavuno watu wa ukoo walikuja kutoka mijini. Walijaa uani na makoti yao na keki za mchele kwenye masanduku mazuri. Mkubwa aliegemezwa kwenye ubao wa michoro na kofia yake, na watu wakapanga foleni kuingia kumsujudia, wanaume kwanza. Wakuu wa kampuni ya mawe walikaribishwa pia, wakaja na mpiga picha. Bi Solgol alipiga magoti kando ya bega la Mkubwa, kichupa mkononi, saa mbele yake. Alikuwa amevaa nguo nyeupe ya sikukuu. Vumbi lilikuwa limeshakaa kwenye mikunjo.

Simu ililia dakika tano kabla ya kengele. Aliivuta kwa waya.

"Dada, ni mimi. Simu yetu wenyewe imefika. Nimemwekea sikioni."

"Haipigi kofi?"

"Haipigi."

Akasikia pumzi. Ilikuwa ndefu, na mwishoni ilikwaruza kidogo, kama mlango wa jikoni wa Solgol.

"Mama. Ni mimi."

Pumzi ikaja, ikaenda. Mbele yake wanaume wawili wenye tai waliinama, wakagusa sakafu, wakainuka, wakawapisha wengine.

"Mama, ni Bongnye."

Mwanamke mmoja kwenye foleni aligeuka kutazama ni nani anayezungumziwa.

Alingoja. Alihesabu pumzi sita. Kisha kukawa na kishindo kidogo cha simu kuhamishwa mkono.

"Usijisumbue, dada," alisema Dongsu. "Alinyamaza wiki mbili zilizopita, siku ile uliyoniambia baraza lenu lilikuja. Niliona vibaya kukwambia kabla ya sikukuu."

"Asubuhi au jioni?"

"Saa za mchana. Alikuwa akiita tangu asubuhi. Bongnye, Bongnye, kama anayeita mtu aliye ng'ambo ya mto. Mke wangu akaona haifai kumwacha hivyo, akamshika mkono, akamwitikia. Akasema, 'Abee, mama, nimefika.' Basi akatulia." Dongsu alivuta kamasi. "Tumemlaza pazuri, dada. Karibu na moto."

"Mrudishie sikioni," alisema Bi Solgol.

"Hasemi tena, dada."

"Najua. Mrudishie."

Kengele ikalia.

Aliibana simu kati ya sikio na bega, akainama juu ya Mkubwa. Tone jicho la kulia. Tone jicho la kushoto. Kichupa kikainama zaidi, maji yakatoka mengi, yakajaa, yakafurika, yakakata njia kwenye vumbi la shavu lile kavu na kuning'inia kidevuni.

"Analia!" mtu alipiga kelele. "Mkubwa analia!"

"Anatulilia sisi!"

Foleni ikavunjika. Watu wakaingia kwa magoti, wakajaza chumba mpaka miguuni mwa wakimya, mtu akaukanyaga mkono wa Sangho bila kujua. Pilgu alikuwa mbele kabisa, paji la uso sakafuni, mabega yakitikisika, na alipoinua uso machozi yake yalikuwa ya kweli. Mkuu wa kampuni naye aliinama. Migongo ilijipanga mbele ya Bi Solgol kutoka ukutani hadi uani, na hapakuwa na uso hata mmoja ulioelekea kwake isipokuwa wa mpiga picha.

Taa ya kamera ikamulika.

Mpiga picha alitazama mashine yake, akakunja uso.

"Chozi limeshadondoka," alisema. "Wazee, msiinuke kwanza. Wewe mama wa matone, sogea kidogo upande, unaingia kwenye picha. Hapo hapo. Haya, mtie tena."

Bi Solgol alisogea mpaka ulipoishia urefu wa waya. Sikioni mama yake alivuta pumzi, akaitoa. Naye akanyoosha mkono, akamtia Mkubwa tena.